Mwitikiaji Nyuma ya Pazia

Mama mkwe wangu ameishi nasi tangu binti yetu alipokuwa ananyonya, na kwa muda wote huo mimi na yeye hatukuwahi kukaa chumba kimoja tukazungumza. Hatukuwa na ugomvi. Ni adabu tu, ya kijijini kwao Mwera, na zamani ilikuwa ya kwetu pia ingawa wengi wetu tumeshaiacha: mwanamume na mama wa mkewe hawakai wakatazamana, hawali sahani moja, na wakipishana ukumbini mmoja hugeukia ukuta. Asubuhi namwamkia shikamoo mama huku nikitazama sakafu, naye hujibu marahaba baba akiwa ameshavuta upande wa kanga usoni. Hapo mazungumzo yetu ya siku huwa yamekwisha. Mke wangu anasema sisi wawili ni vituko. Yeye ni muuguzi na hana nafasi ya adabu za namna hiyo. Kazini kwake anawavua watu nguo tangu saa moja asubuhi.

Lolote lililobaki la kusemwa kati yangu na mama mkwe lilipitia kwa mtoto. Tangu alipojua kuunga maneno, binti yetu alikuwa akitumwa. Mwambie baba yako samaki ameshafika. Mwambie bibi yako leo sili mchana. Umbali wenyewe haukuwa umbali. Meza yangu ya kazi ipo sebuleni, kiti cha mama mkwe kipo ukumbini, na katikati yetu ni mlango wenye pazia la maua. Kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini tulisubiri mtoto avuke pazia aseme, ndipo anayeambiwa ajifanye amesikia. Mimi nilikuwa nikilichukulia jambo hilo kama bomba la maji ndani ya nyumba. Maji yakifika kwenye ndoo, huulizi yamepita wapi.

Kazi yangu ni kutafsiri. Situmiwi vitabu vya watu kusoma wakalia. Natumiwa vijitabu vinavyokuja na mashine, za kuvuta maji, za kukoboa, majokofu. Kata umeme kabla ya kufungua mfuniko. Usimwagie injini maji ikiwa bado ya moto. Ni kazi ya kukaa nyumbani, na hapa Pangani mwanamume anayeshinda nyumbani huku mkewe akitoka na sare kila alfajiri anatakiwa atoe maelezo. Sikuwahi kuyatoa. Nilipoanza kumfundisha mtoto nyumbani, walionihurumia wakaongezeka.

Binti yetu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulijua mapema kwa sababu mama yake alijua pa kutazama. Miaka ya mwanzo ilipita kwa dawa, maji mengi na hofu ya kawaida, akaanza shule na wenzake, akapanda madarasa nao. Alipoingia la tatu maumivu yakamzidi. Alikuwa anakwenda wiki, analala wodini wiki, anarudi akiwa hajui wenzake wamefika wapi. Mwishowe daktari akashauri apumzishwe shule kwa mwaka mzima, na mimi nikaenda kuzungumza na mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu ni mwanamke wa Lushoto, mrefu, wa kuongea taratibu, asiyependa kusema jambo mara mbili. Aliniambia kwamba kwa desturi mtoto anayekosa mwaka huurudia. Kisha akafikiri, akaniambia tumfundishe nyumbani, na shule ikifunguliwa Januari atampima yeye mwenyewe: kusoma, hesabu, na kueleza kwa mdomo habari aliyosomewa. Akiweza, ataingia la nne na wenzake. Asipoweza, la tatu.

Nilimweleza mtoto nilipofika nyumbani. Inafaa niseme kwamba kwa umbo yeye ni mdogo. Ugonjwa ule hauwaachi watoto wakue kwa kasi ya wenzao, na watu wasiomjua humdhania kuwa bado ni wa chekechea. Wenzake wa darasa walikuwa wameshamzoea, walishajua kuwa huyu mfupi ndiye anayewashinda hesabu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema jambo moja tu.

"Nikikaa na wa la tatu, wataona niko mahali pangu."

Nikamwambia tuanze kesho yake.

Tatizo la kwanza lilikuwa vidole. Siku nyingi vilikuwa vimevimba na penseli ilimuuma, na mimi sikuona sababu ya kumlipisha mtoto maumivu kwa ajili ya mstari wa maandishi. Nikatafuta kwenye simu wenzetu wa huko mbali wanaofundisha watoto nyumbani hufanyaje, nikakuta njia iliyonipendeza kwa sababu haikuhitaji kununua kitu. Mzazi anasoma habari mara moja. Anafunga kitabu. Mtoto anaisimulia upya kwa maneno yake mwenyewe, kuanzia popote anapotaka, na mzazi anakaa kimya. Hasahihishi, haulizi, hamkumbushi. Kilichobaki kichwani kwa mtoto ndicho alichojifunza, na mzazi atakijua kwa kukisikia.

Mimi nilisomeshwa kwa kukariri, chuo cha Kurani asubuhi na shule mchana. Hata leo ukinishtua usingizini nitakutajia mito yote mikubwa ya nchi kwa mpangilio, na niliouona kwa macho ni huu mmoja unaopita hapa mjini. Kwa hiyo kanuni ile ya kumwachia mtoto maneno yake niliipenda. Ile ya mzazi kunyamaza niliipenda zaidi, maana kunyamaza ndiyo tabia yangu.

Siku za mwanzo hazikuwa na maajabu. Nilisoma habari ya ndege wahamao, nikafunga kitabu, mtoto akasimama mbele ya meza, akasema ndege wanahama kwa sababu ya baridi, akanitazama. Nami nikamtazama. Akasema basi. Siku iliyofuata ikawa habari ya udongo, sentensi mbili, basi. Nikajiambia ni mwanzo tu. Mwalimu yeyote anayeanza njia mpya hujiambia hivyo.

Siku ya mbu ndipo mambo yalipobadilika. Nilikuwa nimesoma jinsi mbu anavyobeba malaria kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mtoto akaanza: mbu anayeuma watu ni jike. Akanyamaza kama kawaida yake. Nyuma ya pazia, palipokuwa panasikika nazi ikikunwa, mbuzi ya kukunia ikatulia.

"Enhe," akasema mama mkwe.

Mtoto akageuka nusu, akaelekea pazia. Akasema dume yeye hanywi damu, anakunywa maji matamu ya maua. Enhe, ikasema sauti. Akasema jike anataka damu kwa ajili ya mayai yake. Maskini, ikasema sauti, naye ana wanawe, enhe. Akaendelea. Alimtoa mbu kwenye dimbwi, akamwingiza nyumba ya mgonjwa, akamvusha hadi nyumba ya pili, akaeleza kile kidudu cha malaria kinavyokaa kwenye ini, na kila alipovuta pumzi sauti ikamsukuma mbele. Ikawaje tena? Akamuuma nani? Wale wa nyumba ya pili hawakuwa na chandarua? Hilo la chandarua kitabu hakikulisema. Mtoto akajibu kwamba walikuwa nacho lakini kilitoboka.

Nilikereka. Kanuni ilikuwa wazi, na hapa kulikuwa na mtu anauliza, anamwonea huruma mbu, anaongeza chandarua. Lakini mama mkwe nitamwambia nini, na kwa mdomo gani? Ningemtuma nani zaidi ya mtoto yuleyule? Nikaacha. Nilirudi kwenye mashine zangu, na kesho yake sauti ilikuwepo tena.

Kwa asiyekulia huku nieleze kidogo. Kwetu mtu hasemi peke yake. Akisimulia ngano, safari, msiba au bei za sokoni, lazima pawe na mmoja wa kumwitikia: enhe, ehe, wee, ikawaje. Hakatizwi kwa kuitikiwa, anabebwa. Asiyeitikiwa anajua kwamba ama amechosha watu ama wanamwona mwongo, na mwenye adabu zake ananyamaza. Haya nilikuwa nayajua tangu utoto, kama ninavyojua kwamba mchele hukoshwa kabla ya kupikwa. Sikuwahi kufikiri kwamba yana uhusiano wowote na masomo.

Mwaka ukaenda hivyo. Nilisoma, nikanyamaza, mtoto alisimulia akielekea pazia, mama mkwe aliitikia huku akikuna nazi au kuchambua mchele. Alikuwa na mapenzi yake. Habari za wadudu alizipenda, za serikali za mitaa zilimchosha, na mtoto akijua habari ni kavu aliitia chachandu kidogo ili bibi asilale. Wakitaniana alimwita mke mwenzangu, kama bibi wa huku wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na siku moja nilimsikia akimwambia: mke mwenzangu, leo baba yako katusomea upuuzi. Siku za maumivu mtoto alisimulia akiwa amelala mkekani ukumbini, kichwa mapajani kwa bibi yake, nami nikisikiliza kutoka mezani. Nilikuwa nikitia alama moyoni: hili amelishika, hili limempita. Machache yalimpita. Kufikia Desemba alikuwa anasimulia sura nzima ya kitabu cha la tatu, na mimi nikaanza kujisikia mwalimu.

Januari nikampeleka kupimwa. Mwalimu mkuu aliniruhusu nikae kwenye kona ya ofisi. Mtoto alisoma bila kujikwaa. Hesabu alizifanya upesi mpaka mwalimu akatabasamu. Kisha mwalimu akafungua kitabu, akasoma habari ya nyuki, mara moja, polepole, kama nilivyomweleza kuwa ndivyo tunavyofanya. Akakifunga, akachukua kalamu, akamwambia mtoto aeleze.

Mtoto akasimama, mikono nyuma. Akasema nyuki huishi kwenye mzinga na kila mzinga una malkia mmoja. Akanyamaza. Mwalimu akaandika. Mtoto akamtazama. Mwalimu akainua macho, akamtazama naye. Mimi nilijua amebaki na mengi, kwa sababu niliiona sura yake pale mwalimu aliposoma kwamba vibarua wote wa mzinga ni majike na madume yapo tu yanalishwa. Ile ilikuwa habari ya kumpelekea bibi nzima nzima. Lakini alisimama vilevile, akisubiri, mpaka mwalimu akauliza kama ni hayo tu. Mtoto wa kwetu hamwambii mkubwa hapana. Akasema ndiyo.

Mwalimu mkuu akafunika kalamu yake. Aliniambia, bila ukali, kwamba mtoto anasoma vizuri lakini hana maelezo, na la nne ni maelezo matupu. Atamwandika la tatu. Nikamshukuru. Sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Njiani nilimfunika mtoto mwavuli kwa sababu ya jua, tukatembea taratibu. Sikutaka kumuuliza ilikuwaje, lakini nikauliza. Akasema mwalimu hakuwa anasikiliza. Nikamwambia alikuwa anasikiliza, mbona alikuwa anaandika kila alichosema.

"Hakuitikia," akasema. "Nilimsubiri."

Hapo nilikasirika kwa namna ambayo si kawaida yangu, na ubaya wake ni kwamba sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Mwalimu alifanya kazi yake. Mtoto alifanya alichozoeshwa. Mama mkwe hakuwa amefanya lolote zaidi ya lile ambalo kila mtu wa pwani hufanya anapozungumziwa. Nilitembea na mwavuli wangu, nikamkasirikia mfuko wa plastiki uliokuwa unapeperushwa mbele yetu.

Siku iliyofuata nilirudi ofisini kwa mwalimu mkuu, peke yangu, na nikamweleza kuhusu pazia. Nilijisikia mjinga. Mtu mzima nimevaa shati la kunyooshwa, naomba mwalimu wa serikali aseme enhe. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza swali.

"Nikimwitikia mimi leo, baba, darasani atamwitikia nani?"

Akaniambia la nne watoto wamejaa madawati hadi wengine wanakaa watatu watatu. Mwalimu atauliza swali, atageukia ubao, na mtoto atatakiwa aseme mpaka amalize. Akisubiri kubebwa atasubiri mwaka mzima. Alisema kweli, na nilimwambia hivyo. Akafikiri tena, kama alivyofikiri mara ya kwanza. Nimlete Jumatatu, akasema, ila safari hii nitasubiri nje.

Kwa hiyo ilibidi mtoto azoee kusema bila kuitikiwa, na ili azoee ilibidi mama mkwe anyamaze, na ili mama mkwe anyamaze ilibidi aambiwe. Nilikaa mezani nikiitunga sentensi kama ninavyotunga za mashine, fupi, isiyo na njia mbili. Nikamwita mtoto. Nikamwambia: mwambie bibi kuanzia leo wakati wa masomo asiitikie.

Alisimama kidogo, kama anayepima mzigo kabla ya kuubeba. Kisha akavuka pazia. Kwa kawaida hapo mimi hurudi kwenye kazi yangu, maana ujumbe ukishatoka kwangu umetoka. Siku ile sikurudi. Nilisikiliza.

"Bibi, baba anakusalimia," akasema. Sikuwa nimemsalimia. "Anasema shuleni mwalimu hana nafasi ya kuniitikia, watoto ni wengi. Anakuomba umsaidie kunizoesha. Ukae hapahapa pako, usikie kila kitu, ila uniitikie moyoni."

Kisha sauti ikasema: mwambie baba yako nimesikia.

Mtoto akarudi upande wangu.

"Bibi anasema amesikia," akasema, "na anashukuru sana unavyonifundisha."

Mama mkwe hakuwa ameshukuru kitu. Nilimsikia kwa masikio yangu, hatua chache tu kutoka nilipokaa. Mtoto alinitazama bila wasiwasi wowote, kama fundi aliyemaliza kazi yake ya kila siku, na ndipo nikaanza kujiuliza ni mangapi ameyavusha pazia lile kwa namna hiyo. Mwambie bibi mchuzi umezidi chumvi: ulifikaje? Mwambie bibi apunguze redio, nafanya kazi? Mimi sikuwahi kusikiliza upande wa pili. Lakini mama mkwe pale alipo alikuwa anasikia mara zote mbili, yangu kwanza na ya mtoto baadaye, na miaka yote alichagua kuijibu ya mtoto. Niliona haya, na sikujua niipeleke wapi haya yenyewe.

Siku zile za kimya zilikuwa ngumu kwa kila mtu. Nilisoma habari ya mvua, mtoto akasema maji ya bahari hupata joto yakapanda, akasimama. Alitazama pazia. Nyuma yake hata nazi iliacha kukunwa, nadhani mama mkwe alihofia mlio wa mbuzi nao utahesabiwa. Nilimsikia akivuta pumzi na kuizuia. Mtoto akasema sentensi nyingine moja, akakwama, machozi yakamlenga. Kanuni yangu ilinitaka ninyamaze, nikanyamaza, na sikumbuki siku niliyoichukia kanuni kama siku ile.

Kesho yake alifika mawingu. Keshokutwa akayafikisha mawingu milimani Usambara, akayanyeshesha, akayateremsha maji mpaka mtoni na kurudi baharini. Alisimulia taratibu, kwa vituo, kama anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe hadi jiwe. Hakuwa anatazama pazia tena. Sikujua anatazama nini.

Jumatatu nilikaa nje ya ofisi kwenye benchi pamoja na wazazi walioleta wa darasa la kwanza. Watoto walikuwa wanafagia uwanja kwa fagio za chelewa na sikuweza kusikia chochote kutoka ndani. Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu si kawaida yangu kuogopa jambo lisilohusu wodi. Mwanamke aliyekaa kando yangu aliniuliza kama na mimi nimeleta wa la kwanza. Nikamwambia la nne, Mungu akipenda.

Mlango ukafunguliwa na mwalimu mkuu akatoka mwenyewe, mtoto ubavuni mwake akimfika kiunoni. Akasema atakaa dawati la karibu na mlango ili aweze kutoka kunywa maji bila kuomba ruhusa kila mara. Nikauliza mlango wa darasa gani. Akasema la nne, kama jambo ambalo nilitakiwa niwe nimeshalijua.

Tulirudi na mwavuli wetu. Mtoto akasema habari ilikuwa ya chumvi. Akanyamaza. Tukatembea. Nami kwa mazoea ya mwaka mzima nikanyamaza, mpaka akasimama katikati ya njia akainua uso.

"Baba, hapa si shuleni."

"Enhe," nikasema.

Basi akasimulia. Maji ya bahari huingizwa kwenye majaruba, jua likayanywa, chumvi ikabaki chini, watu wakaikusanya kwa majembe. Enhe. Nikamuuliza amewezaje leo, kwani mwalimu aliitikia? Akasema hakuitikia, lakini aliandika. Kalamu ikiwa inatembea yeye alisubiri, ikisimama yeye akasema tena. Akaniambia kwamba hata nyumbani alinigundua: kuna kidole changu kinachogonga meza nikipendezwa na jambo. Mimi sikujua kwamba nina kidole cha namna hiyo.

Siku ya kwanza ya masomo mke wangu alitoka alfajiri kwa zamu yake akiwa ameshafunga mkoba wa mtoto, chupa mbili za maji na dawa. Nilimpeleka mimi. Nilisimama getini mpaka alipoingia, kisha nikarudi, nikamwamkia mama mkwe ukumbini kama kawaida, nikitazama sakafu, nikapita ndani. Nikakaa mezani. Nilikuwa na kijitabu cha pampu mpya.

Nyumba ilikuwa kimya. Mama mkwe hakukuna nazi wala hakuwasha redio. Nikasikia kiti chake kikisogezwa karibu na pazia. Baada ya muda akakohoa kidogo, kikohozi kisicho na kifua ndani yake. Nilielewa anachotaka. Alitaka kujua mtoto ameingiaje, amelia au hakulia, nani amempokea, na mtu wa kumtuma kuniuliza alikuwa darasani. Nilisoma sentensi ya pampu. Nikaisoma tena. Akakohoa tena.

Niligeuza kiti kuelekea pazia. Nikasema shikamoo mama, ingawa tulikuwa tumeshaamkiana. Akajibu marahaba baba, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka.

Nikaanza. Nilisema tulifika getini kengele bado haijalia. Nilisema kulikuwa na watoto wengi. Nilisema mmoja wa wenzake wa zamani, mwenye mkoba mwekundu, alikuja mbio akamshika mkono, akamuuliza mwaka mzima alikuwa wapi, na mtoto akamjibu kwamba alikuwa anasoma kwa baba na bibi yake. Niliisema vibaya, sentensi moja moja, kama maelekezo ya mashine. Kisha nikanyamaza, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na kitu.

Niliona nyayo zake chini ya pazia, hina kwenye kucha. Alikuwepo. Nikafikiri nimevunja adabu, nimemkosea, labda yuko tayari kuinuka aende zake uani. Nilibaki na maneno mdomoni na sikuweza kusogea nayo mbele. Hapo ndipo nilipokumbuka ujumbe niliomtumia. Hakuna aliyeutengua. Mtoto alimfikishia kwamba asikie kila kitu na aitikie moyoni, naye alikuwa ameketi pale akifanya hivyohivyo.

"Niitikie, mama," nikasema.

"Enhe, baba," akasema upesi, kama mtu aliyekuwa amezuia pumzi. "Ikawaje?"